Mwenye Kiwiko Kile

Kiwiko cha jirani yangu kinajulikana dunia nzima, na hapo bado sijaanza kutia chumvi. Huenda hata wewe umeshakiona usikitilie maanani, maana kiko pembeni kabisa ya picha, chini upande wa kushoto, ndani ya mkono wa shati la kijani uliokunjwa. Katikati yuko msichana wa Kikurdi mwenye msuko mmoja mrefu na bunduki begani, anacheka. Picha ile ilitoka magazetini ikaingia mitandaoni, ikachapwa kwenye vikombe na fulana, na nasikia kuna duka la nguo huko Ulaya lililouza suruali kama ile aliyovaa kwa bei ya ng'ombe wawili na ndama. Chini yake huandikwa maneno yale yale kwa kila lugha: tabasamu la mwanamke asiyeogopa kifo. Msichana huyo aliitwa Berfin. Kiwiko ni cha jirani yangu wa ghorofa ya juu, pale Granville, Sydney, mlango unaotazamana na ngazi.

Tulimwita Jirani. Jina lake alikuwa nalo, tena zuri, ila wiki ya kwanza alimsikia mke wangu akiniambia, "Mpelekee jirani chapati," akalipenda hilo neno akalichukua. Akawa anatuita jirani sisi sote, na sisi tukamrudishia. Baada ya muda jengo zima lilimwita hivyo, utadhani jirani ni yeye peke yake na sisi wengine tumekuja kumtembelea. Alizaliwa wapi hasa, na ukoo wake ulikuwa upi, hayo mwenyewe hakuwa na haraka nayo, na mimi si msemaji wake.

Alikuwa mwanamke aliyepigana miaka na miaka na watu wa bendera nyeusi, watu ambao majeshi yenye vifaru yaliwakimbia yakaacha hata viatu. Lakini alimwogopa magpai. Asiyeijua Sydney nimweleze: magpai ni ndege mweusi mwenye mabaka meupe, na majira ya kuchanua maua anapokuwa na makinda humshukia mpita njia akamdonoa utosini. Nimemwona kwa macho yangu shujaa wa vita akienda kununua mkate amevaa ndoo ya aiskrimu kichwani, na nyuma ya ndoo amechora macho mawili makubwa ya kumtisha ndege. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Akanigeukia, ndoo na yote.

"Jirani," akasema, "wale wengine nilijua wanataka nini. Huyu hana madai."

Barabara nayo hakuivuka mpaka taa ya mtu wa kijani iwake, hata kama hakuna gari kuanzia hapo mpaka Parramatta. Nikimhimiza, jibu lake lilikuwa moja: "Nimeshavuka barabara nyingi vibaya. Zangu nimezimaliza." Tulizungumza Kiingereza, chake cha kuokota na changu cha kuokota, na mahali ambapo vyote viwili viliishia tulimalizia kwa chai. Chai yake ilikuwa nyekundu, ya kwenye bilauri ndogo, na donge la sukari ulilibana kwa meno badala ya kulitia ndani. Ukikataa bilauri ya pili alikutazama kana kwamba umelisaliti taifa.

Nilimuuliza, kama kila mwanamume anavyouliza, vita vikoje.

"Kufua soksi," akasema. "Unangoja, unafua soksi, unapika dengu, unangoja. Halafu siku moja kunakuwa na kelele nyingi sana, na kelele zikiisha soksi zimechafuka tena."

Mimi nilisoma historia shule ya usiku, nikafaulu kwa sababu wenzangu wote walisinzia. Nilijua vita ni tarehe na majemadari. Soksi hazikuwemo kwenye mtihani.

Waandishi wa habari nao soksi hawakuzitaka. Walimpigia simu kwa misimu, kama mafua, na maswali yao niliyajua kwa moyo kwa sababu dari yetu ilikuwa nyembamba kama karatasi ya sambusa. Nywele mlizitunzaje vitani? Rangi ya midomo mlikuwa nayo? Na je, ni kweli adui akimwona mwanamke anakimbia?

"Hakuna aliyenikimbia," Jirani aliwajibu. "Walinipiga risasi sawasawa na walivyowapiga wanaume. Katika jambo hilo moja walikuwa watu wa usawa."

Hilo hawakuliandika. Walipokuwa wameshamaliza habari za nywele, yeye ndiyo kwanza alianza kueleza habari yenyewe. Kwao kila kamati ina wenyeviti wawili, mwanamke na mwanamume: kamati ya mkate, kamati ya maji, kamati ya kusuluhisha mume na mke. Hapo simu ilianza kukatika kila mara, hata kama mtandao ulikuwa mzima.

"Kwa nini kamati hawaziandiki, jirani?" aliniuliza siku moja, amekasirika kweli.

"Kwa sababu mwenyekiti hana msuko," nikamwambia.

Alicheka hadi chai ikamwagika, lakini alipomaliza kucheka alishuka ngazi akaenda kuunda kamati. Jengo letu lilikuwa na mashine moja ya kufulia, na ugomvi uliotokana nayo ungetosha kuipa kazi mahakama nzima. Chini kabisa aliishi Mama Niyo, Mrundi aliyekulia kwenye makambi ya Kigoma, mwenye watoto wengi na nguo nyingi kuliko watoto. Ghorofa ya kati, mlango uliopakana na wetu, aliishi Njeri, nesi kutoka Kenya, ambaye sare zake za hospitali wakati ule wa korona zilitakiwa zifuliwe kabla hata hazijapoa. Jirani akaitangaza kamati, yeye mwenyekiti mwanamke. Mwenyekiti mwanamume nilichaguliwa mimi, nikiwa kazini, bila kugombea.

Kwao kuna utaratibu wanaouita tekmil. Kila kazi ikiisha watu wanakaa, kila mmoja anaanza kwa kujikosoa mwenyewe, kisha anawakosoa wenzake, na anayekosolewa haruhusiwi kujibu. Hata neno moja. Walifanya hivyo vitani, baada ya mapigano na baada ya kupika pia. Sasa tukafanya sisi, kwenye maegesho ya magari, kila mtu na barakoa yake, kila mtu ndani ya mistari ya gari moja ili tuachane mita zinazotakiwa. Kumkosoa Mkenya akanyamaza ni jambo ambalo nadhani halijawahi kujaribiwa popote duniani, ila siku ile aliyeanza kukosoa alikuwa Mkenya mwenyewe.

"Najikosoa, huwa naongea kwa sauti," akasema Njeri, kwa sauti. "Sasa Mama Niyo, wewe unaacha nguo kwa mashine mpaka zinaota mizizi. Mimi natoka wodini na uniform ya korona mkononi. Unataka niivae kama kofia?"

Mama Niyo akafungua mdomo. Jirani akainua kidole. Mama Niyo akaufunga, akaufungua tena.

"Hata *merci* nisiseme?"

"Hata asante," nikamjibu kwa niaba ya mwenyekiti mwenzangu.

"Basi zamu yangu," akasema Mama Niyo, akajiweka kitenge sawa. "Mimi najikosoa. Najikosoa sana. Siku ile Njeri alivyotoa nguo zangu akaziweka chini, mimi nilimvumilia. Ni kosa langu hilo, sitarudia."

Njeri alivimba kama mandazi kwenye mafuta, lakini sheria ni sheria. Sitasema ugomvi ulikwisha. Ila ulipata ratiba.

Mwaka wa pili wa korona serikali ilitufungia watu wa magharibi mwa jiji zaidi ya ilivyowafungia wa pwani. Helikopta zilizunguka juu ya Granville kana kwamba tumemficha mtu, na askari wa jeshi wakawa wanagonga milango pamoja na polisi kuona kama tuko ndani. Aliyegonga kwa Jirani alikuwa kijana mwenye mashavu kama mkate wa asubuhi.

"Mama yako anajua uko wapi?" Jirani akamuuliza kabla hajasema lolote.

"Anajua niko kazini, mama."

"Mpigie."

Alipiga, nakwambia! Alisimama pale ngazini na magwanda yake yote akamwambia mama yake kwamba amekula, na akaondoka na sahani ya wali uliofungwa kwenye majani ya mzabibu.

Maana mbele ya kina mama Jirani hakuwa na ngome. Na mama aliyemshinda kabisa alikuwa wa Berfin.

Mama huyo alikuwa angali kijijini kwao, na kila wiki walipigiana simu. Berfin alikufa miezi michache baada ya picha ile, na miaka yote hiyo mama alikuwa na swali moja: mwanangu alikuwa anachekea nini? Jirani alilijua jibu, kwa sababu aliyechekwa ni yeye. Siku hiyo alikuwa amebeba sufuria la dengu za kikosi kizima, akateleza kwenye matope, akatua amekaa kitako, na dengu zote zikamtua mapajani. Berfin akacheka. Mpiga picha mgeni akatokea kwenye kona, akamwona msichana mwenye msuko anacheka na bunduki, akapiga. Lile jambo la kuchekesha lilibaki nje ya picha, isipokuwa kiwiko, ambacho kilikuwa kinajaribu kuinuka.

Mama hakumwamini. "Wewe ni mtoto mwema, unanipoza," alimwambia. "Televisheni zote zinasema alikicheka kifo. Mtoto anayekicheka kifo hakuwa na hamu ya kurudi kwangu. Siku televisheni zitakaposema dengu, nitaamini."

Jirani aliponisimulia hayo hakugusa chai yake. Kwa hiyo mwandishi mmoja wa televisheni alipomtafuta kipindi kile cha kufungiwa, alikubali kwa sharti moja tu. "Nitasema yote mnayotaka. Hata nywele. Lakini dengu zitoke."

Mwandishi, binti mpole mwenye barakoa ya hariri, akaweka mkono kifuani akaahidi. Akaja na mpiga picha wake, wakamsimamisha Jirani kwenye roshani, wakamwomba ajifunge mtandio na atazame mbali. Kutoka roshani ile, mbali ni ukuta wa duka la matairi. Jirani akautazama ukuta ule kwa uaminifu. Kisha akasimulia dengu kwa dakika nyingi, kwa mikono, kwa miguu, mpaka mpiga picha akacheka, kamera ikatikisika. Akampigia mama simu: tazama kesho.

Tulitazama jengo zima, kila nyumba na televisheni yake. Kipindi kilikwisha kabla chai haijachemka. Filimbi ya huzuni, Jirani akiutazama ukuta wa matairi polepole, na sauti: malaika wa vita, katika vita vipya. Ikaja picha. Rafiki yake Berfin, ikasema ile sauti, alikicheka kifo. Basi. Ikafuata habari ya mvua.

Juu ya dari yetu nikamsikia Jirani akimfanyia mwandishi tekmil kwa simu, akianza kwa kujikosoa mwenyewe kwa kumwamini. Mwandishi alijibu, kinyume cha utaratibu, kwamba mhariri wake aliona dengu zinaishushia habari hadhi. Nilipanda ngazi nikamkuta amekaa kizingitini.

"Mama ametazama?" nikamuuliza.

"Ametazama. Amesema asante kwa kujaribu, mwanangu, na akakata."

Sikuwa na mzaha wowote mfukoni. Jambo la nadra hilo, mke wangu ni shahidi.

Sasa, Mama Niyo naye alikuwa ametazama. Kiingereza chake kilitosha dukani na kwa daktari, hakikutosha kufuata kipindi chenye filimbi. Aliona picha ya msichana, akaona macho ya Jirani, akasikia Berfin amekufa, na kwake habari ya kifo iliyokufikia leo ni kifo cha leo. Kulipokucha jengo zima lilinukia mandazi. Jirani akashuka na mfuko wa taka akakuta mkeka umetandikwa kwenye roshani ya chini, Mama Niyo amejifunga kitenge cheusi analia kwa sauti, na Njeri amesimama kwenye roshani yake na leso kichwani.

"Nani amekufa?" Jirani akauliza, amebadilika rangi.

"Berfin wako!" Mama Niyo akajibu kwa kilio.

Jirani akakaa kwenye ngazi na mfuko wake wa taka. Akaeleza, taratibu, kwamba hiyo ni miaka mingi iliyopita, wakati huo walikuwa vitani. Nikamtafsiria Mama Niyo. Akafuta machozi, akafikiri.

"Na nani alimlilia?"

"Hatukukaa," akasema Jirani. "Kesho yake tulihama."

"Na sisi si ni jana tu ndio tumejua?" Njeri akadakia kutoka juu. "Hatujakupa pole hata kidogo. Mama Niyo, endelea kulia."

Tukakaa matanga, kila mtu kwenye roshani yake ili helikopta isipate la kusema. Mandazi yalipanda kwa kamba na chai ikashuka kwa kamba. Ilipofika jioni watu walikuwa wamekwisha kulia, na Jirani alikuwa amelia kuliko wote, na hapo ndipo nilipoona kinachokosekana.

Kwetu Songea msiba bila mtani haujakamilika. Mtani anakuja, anavaa nguo za marehemu, anamwigiza alivyotembea na alivyokoroma, wafiwa wanacheka katikati ya machozi, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Watani huwa ni watu mliopigana zamani. Sisi Wangoni tulipigana na kila mtu kule kusini, kwa hiyo watani tunao kama mchanga. Nikapiga hesabu: Wakurdi nao wamepigana na kila mtu. Basi ni watani wetu, tulicheleweshwa tu na umbali.

Nikaingia jikoni nikachukua sufuria ya dengu za matanga.

"Baba Tuma, hiyo usiiguse!" mke wangu akapiga kelele.

Nilikuwa nimeshafika maegeshoni, peke yangu, maana mtu mmoja kufanya mazoezi nje kuliruhusiwa. Nikatembea kama Jirani anavyotembea, mabega mbele, macho angani akimtafuta magpai. Watu wakaanza kuguna. Kisha nikateleza. Nilipaa, ndugu zangu, nikakaa hewani muda wa kutosha kulijutia shati langu, nikatua kitako, na dengu zikanifuata. Mama Niyo, ambaye hakuna aliyemwomba, akawa Berfin: akashika chuma cha roshani akacheka kicheko cha kutoka miguuni.

Nikainua macho. Jirani alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, nikadhani nimeharibu. Kisha akaondoa mikono.

"Si hivyo!" akapiga kelele. "Sufuria ilikuwa mbele! Rudia!"

Nikarudia. Nikarudia tena, mpaka nikawa dengu tupu kutoka kidevuni hadi kwenye soksi. Nilipotazama juu tena alikuwa ameinyoosha simu nje ya roshani, na ndani ya simu kulikuwa na mama mwenye kitambaa cheupe, ambaye kwao ndiyo kwanza asubuhi. Alichokiona ni jengo la Waafrika wanaolia na kucheka, helikopta juu, na jibaba limekaa ndani ya chakula. Aliuliza ni nini hiki. Jirani akamwambia: majirani zangu wanamlilia Berfin, na yule pale chini ni mimi.

Mama akauliza jambo, na Jirani akatutangazia kwa Kiingereza.

"Anauliza, dengu zilikuwa za moto?"

Akamjibu mwenyewe: vuguvugu.

"Anauliza, Berfin aliniinua? Namwambia hapana. Alikaa chini, akashika mbavu."

Mama akasema kitu kifupi. Jirani akaishika simu kwa mikono miwili, ndipo akatutafsiria.

"Anasema: huyo ndiye. Huyo ndiye mwanangu. Baba yake alipotumbukia kwenye mtaro, alicheka kwanza, kamba akaleta baadaye."

Na mama akaanza kucheka, kwenye simu ile, akalia, akacheka, na sisi naye, mpaka polisi waliopita barabarani wakapunguza mwendo, wakatutazama, wakaona ni afadhali waende.

Milango ilipofunguliwa kodi ilipanda, na Jirani akahamia St Marys, akapata kazi kwenye karakana ya mapazia. Tulikuwa tukitumiana salamu tu. Kisha siku moja nilikwenda huko kununua unga, narudi na mifuko mikononi, nikamkuta kwenye jukwaa la stesheni, barakoa kidevuni, anacheka peke yake na simu.

"Jirani! Njoo uone. Wamefika hadi kwa mama."

Ilikuwa video. Watu wa televisheni ya nchi nyingine walikwenda kijijini wakamkalisha mama kwenye zulia, kamera mbele, wakamuuliza lile swali: binti yako alikuwa anatabasamia nini? Mama akainuka. Akaenda jikoni, akarudi na sufuria. Akapiga hatua mbili tatu, mabega mbele, macho juu. Akaanguka.

Picha ikatikisika, watu wakapiga mayowe, mmoja akakimbilia maji. Na chini ya video palikuwa na maandishi, Jirani akanisomea: mama wa shujaa azimia kwa uchungu.

"Ameumia?" nikauliza, maana ni mtu mzima yule.

"Alitandika mito kabla hawajafika."

"Na hayo maandishi? Hakukasirika?"

"Amenipigia anacheka hawezi kusema. Anasema waandike wanachotaka, yeye anajua." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akabonyeza simu, nikasikia inaita mbali. "Wengine wanakwenda Alhamisi. Anataka kukuuliza mkono wa kushoto unaupeleka wapi wakati wa kuanguka, maana mimi namweleza, anasema sijui, yeye aliona kwako."

Kitambaa cheupe kikatokea kwenye kioo. Treni ya Granville ilikuwa inaingia. Nikaiacha iende, nikaweka mifuko chini, nikamwomba Jirani asogee kidogo, nahitaji nafasi.